Aliyeibiwa kura asimfukuze mwamuzi

Usiku wa tarehe 6 Julai 1988, Wamexico walikesha wakisubiri matokeo ya urais ambayo hayakuja. Wizara ya Mambo ya Ndani, ambayo ndiyo iliyokuwa ikisimamia uchaguzi, ilisema mitambo ya kujumlisha kura imekwama. Mitambo ilipozinduka, mgombea wa chama tawala cha PRI, Carlos Salinas de Gortari, alikuwa ameshinda kwa asilimia 50 na ushee. Mpinzani wake mkuu, Cuauhtémoc Cárdenas, akaambiwa amepata 31. Miaka michache baadaye Bunge liliamua karatasi zile zichomwe moto, wabunge wa PRI na wa chama cha kulia cha PAN wakiwa kitu kimoja. Zikachomwa. Hakuna atakayezihesabu tena.

Waziri aliyekuwa zamu usiku ule ni Manuel Bartlett. Desemba 2018, Mexico ilipopata serikali yake ya kwanza ya mrengo wa kushoto baada ya miongo mingi, Bartlett huyo huyo alikabidhiwa shirika la umeme la taifa. Akalishika kwa miaka yote sita.

Habari ya mtu huyu mmoja inatosha kufungulia mashtaka. Msimamo wa gazeti hili ni kwamba mrengo wa kushoto wa Mexico umewatendea maskini mema yanayopimika, na anayelikana hilo hasemi kweli. Lakini katika safari ya kutafuta kura ulipakia kila aliyesimama kituoni, na ulipofika Ikulu ukaanza kuwaondoa waamuzi ambao wenyewe ulimwaga damu ili wawepo. Kosa la kwanza siasa hulisamehe. La pili hatuna sababu ya kulisamehe.

Ili kuelewa uzito wa kosa hilo, sharti turudi kwenye nyumba ambamo wote hawa walizaliwa. PRI ilianza mwaka 1929, ikiwa kwa jina jingine, kutokana na mapinduzi yaliyolipuka 1910. Iliwakusanya majenerali, wakulima na vyama vya wafanyakazi chini ya paa moja. Chini ya paa hilo Rais Lázaro Cárdenas aliwagawia wakulima ardhi, na tarehe 18 Machi 1938 akataifisha mafuta. Chini ya paa hilo hilo wanafunzi walipigwa risasi Tlatelolco tarehe 2 Oktoba 1968. Aliyetaka ujamaa aliukuta humo, na aliyetaka kandarasi za serikali aliikuta milango iko wazi. Rais akielemea kushoto, chama kizima kilielemea kushoto. Ajaye akigeukia soko, chama kizima kiligeuka naye. Wasomaji waliokulia enzi za chama kushika hatamu hawahitaji kuelezwa zaidi.

Oktoba 1981 Mwalimu Julius Nyerere alikuwa Cancún, katika mkutano wa nchi tajiri na nchi maskini ambao Rais José López Portillo alikuwa mmoja wa wenyeji wake. Mexico ilisimama pale kama wakili wa wanyonge. Agosti 1982, kabla mwaka haujatimia, serikali hiyo hiyo ilikiri kwamba haina uwezo wa kulipa madeni yake. Yaliyofuata Tanzania ilikuja kuyaonja yenyewe baada ya makubaliano yake na Shirika la Fedha la Kimataifa mwaka 1986: kubana matumizi, kuuza mashirika ya umma, kufungua soko. Ndani ya PRI, wasomi wa uchumi walichukua usukani. Waliobaki na imani ya mafuta ya taifa na ardhi ya mkulima walijikuta wageni katika nyumba ya baba yao.

Mmoja wao alikuwa Cuauhtémoc, mwana wa yule Lázaro aliyetaifisha mafuta. Mwingine ni Porfirio Muñoz Ledo, aliyewahi kuwa mwenyekiti wa PRI yenyewe. Kutoka jimbo la kusini la Tabasco akajiunga kijana mmoja aliyekuwa amefanya kazi na Wachontal, wenyeji wa asili wa huko. Jina lake ni Andrés Manuel López Obrador. Baada ya usiku ule wa 1988 waliungana na wakomunisti na wasoshalisti wa zamani, na mwaka 1989 wakaunda chama cha PRD. Kwa hesabu ya chama chenyewe, mamia ya wanachama wake waliuawa katika miaka ya mwanzo.

Walidai nini? Walidai mengi, lakini kubwa kuliko yote lilikuwa kwamba kura zisihesabiwe na serikali inayozigombea. Tume ya uchaguzi, IFE, iliundwa mwaka 1990. Ilipofika 1996 Waziri wa Mambo ya Ndani akaondolewa kwenye kiti cha mwenyekiti wake. Tume ile haikuwa zawadi ya mtu. Ililipiwa.

Tulikumbuke hilo tunapofika kwenye uchaguzi wa 2018, ambao ndio kiini cha hukumu hii.

López Obrador alikuwa ameshagombea mara mbili. Mwaka 2006 alishindwa na Felipe Calderón wa PAN kwa tofauti isiyofika asilimia moja, akadai ameibiwa, wafuasi wake wakapiga kambi katika barabara kuu ya Jiji la Mexico, naye akajiapisha kuwa rais halali. Mwaka 2012 alishindwa na Enrique Peña Nieto wa PRI kwa zaidi ya pointi 6. Viongozi wa PRD walipotia saini mkataba wa mageuzi na Peña Nieto mwishoni mwa mwaka huo, yeye alikuwa ameshaaga. Akaenda kujenga chama chake, Morena, kilichosajiliwa 2014. Jina lilichaguliwa kwa akili: ni kifupisho cha maneno yanayomaanisha harakati ya kulihuisha taifa, na papo hapo ni neno la Kihispania kwa mwanamke mweusimweusi wa rangi, ambalo Mkatoliki wa Mexico akilisikia humkumbuka Bikira wa Guadalupe.

Somo alilojifunza katika kushindwa mara mbili ni kwamba kura za kushoto peke yake hazifiki. Basi mwaka 2018 alipanga safu ambayo mwalimu yeyote wa itikadi angeipa sifuri. Upande mmoja alikuwa na Chama cha Kazi, PT, chenye mizizi ya Kimao. Upande wa pili alikuwa na Encuentro Social, chama cha Wakristo wa kiinjili wanaopinga utoaji mimba na ndoa za jinsia moja. Akamwita Alfonso Romo, mfanyabiashara mkubwa wa Monterrey, aseme na matajiri. Akampa nafasi ya useneta Germán Martínez, aliyekuwa mwenyekiti wa PAN wakati wa urais wa Calderón, yaani wa yule yule anayetuhumiwa kumwibia. Akaahidi kutopandisha kodi, kutotaifisha kitu na kutoigusa Benki Kuu. Tarehe 1 Julai Wamexico milioni 30 walimpa kura, zaidi ya asilimia 53. Mgombea wa PRI aliambulia 16.

Wako waliosema huo ni usaliti. Sisi hatuendi mbali hivyo. Mwanasiasa aliyekaa pembeni miaka 12 huku walalahoi wakizidi kudidimia ana haki ya kutafuta mlango mwingine. Isitoshe, waliomcheka hawakuwa wasafi. Katika uchaguzi huo huo PRD, chama alichokiacha, kilimsimamisha Ricardo Anaya kwa kushirikiana na PAN, chama kilichopiga kura ya kuchoma karatasi za 1988. Mwaka 2024 kikaenda mbali zaidi: kikajiunga na PAN na PRI pamoja nyuma ya Xóchitl Gálvez. Hakikufikisha asilimia 3 ya kura, na sheria ikakifutia usajili wa kitaifa. Chama kilichozaliwa kwa sababu PRI iliiba kilikata roho kikiwa kimeshikana mkono na PRI.

Wengine waliona mbali kuliko wote hao. Chama cha Kijani kilikuwa na PAN mwaka 2000, wakati PAN ikipanda. Kikawa na PRI hadi 2018. Leo kiko na Morena. Huku kwetu wapo waliohama vyama wakisema wanaunga mkono juhudi. Mexico ina chama kizima kilichofanya kazi hiyo kwa robo karne bila kuona haya.

Aliyekataa mchezo huo hakupewa hata jezi. Wazapatista, waliochukua silaha huko Chiapas mwaka 1994, pamoja na baraza la jamii za wenyeji wa asili, walimteua María de Jesús Patricio, mganga wa mitishamba wa kabila la Wanahua anayejulikana kama Marichuy. Mgombea binafsi alitakiwa kukusanya sahihi 866,593, tena kwa programu ya simu, katika vijiji ambavyo vingine mtandao haufiki. Hakupata hata theluthi. Huyo ndiye aliyekuwa na mambo ya kusema kuhusu ardhi, migodi na reli ambayo hakuna mgombea mwingine aliyetaka kuyagusa. Kambi pana kiasi cha kumkumbatia mwenyekiti wa zamani wa PAN haikuwa na haja naye.

Tuseme sasa yaliyo mema, na tuyaseme kwa tarakimu. Kima cha chini cha mshahara kilikuwa peso 88.36 kwa siku mwaka 2018. Mwaka 2024 kilikuwa 248.93. Likizo ya lazima ya mfanyakazi wa mwaka wa kwanza iliongezwa kutoka siku 6 hadi 12. Pensheni ya wazee iliandikwa ndani ya Katiba. Kwa takwimu rasmi, Wamexico wanaoishi katika umaskini walipungua kutoka asilimia 41.9 mwaka 2018 hadi 29.6 mwaka 2024, yaani watu zaidi ya milioni 13. Miaka mingi wachumi waliwaonya watawala kwamba ukimpandishia kibarua mshahara utaua ajira. Mshahara ulipanda, na ajira haikufa. Aibu hiyo ni ya wachumi na ya vyama vilivyowasikiliza, na inaeleza kwa nini mwaka 2024 Claudia Sheinbaum, mwanafizikia na mwanamke wa kwanza kuwa rais wa nchi hiyo, alizoa karibu asilimia 60 ya kura.

Lakini hata katika mema haya upo woga. Serikali iliyojiita ya maskini ilikataa kuwapandishia matajiri kodi, na Mexico ikabaki miongoni mwa nchi zinazokusanya kodi ndogo kuliko zote katika jumuiya ya nchi tajiri ya OECD, takriban asilimia 17 ya pato la taifa. Fedha za ruzuku zikatafutwa kwa kukata kwingineko. Bima ya afya ya watu wasio na ajira rasmi ilifutwa, chombo kilichoirithi kikazaliwa 2020 na kuzikwa 2023, na watu wasio na huduma ya afya wakapanda kutoka asilimia 16.2 mwaka 2018 hadi 39.1 mwaka 2022. Bibi anapokea pensheni yake kwa mkono wa kulia na kuitoa kwa mkono wa kushoto kwenye zahanati ya kulipia.

Kosa zito zaidi limevaa magwanda. Kwa miaka mingi López Obrador aliwaambia Wamexico kwamba jeshi lirudi kambini, kwamba vita ya Calderón dhidi ya magenge ya dawa za kulevya imeleta mauaji tu. Alisema kweli. Kisha mwaka 2019 akaunda Walinzi wa Taifa, kikosi kilichojazwa wanajeshi, na mwaka huo huo, Donald Trump alipotishia ushuru, akakipeleka mpaka wa kusini kuwazuia maskini wa Amerika ya Kati. Jeshi likajenga uwanja wa ndege, likajenga sehemu za reli ya Maya, likapewa hata shirika la ndege la kuliendesha. Jeshi la majini likashika bandari na forodha. Septemba 2024 kikosi cha Walinzi kikawekwa rasmi chini ya Wizara ya Ulinzi. Katika miaka hiyo mauaji hayakushuka chini ya kiwango cha kutisha, na orodha rasmi ya watu waliotoweka ilivuka 100,000 mwaka 2022. Wazazi wa vijana 43 wa chuo cha ualimu cha Ayotzinapa, waliopotezwa Iguala tarehe 26 Septemba 2014, waliahidiwa ukweli. Walipofika kwenye milango ya kambi za jeshi, ukweli ulikoma hapo.

Tunarudi sasa kwa mwamuzi. Mwaka 2022 na 2023 chama tawala kilijaribu kuipunguza nguvu tume ya uchaguzi, ambayo sasa inaitwa INE. Mahakama ya Juu ikakibatilishia sheria. Jibu likawa kuigeukia Mahakama yenyewe. Mwaka 2024 Morena na washirika wake walipata takriban asilimia 54 ya kura za wabunge, wakapewa viti 364 kati ya 500. Katiba inakataza chama kupata viti vinavyozidi kura zake kwa zaidi ya pointi 8, lakini kikomo hicho kilihesabiwa chama kimoja kimoja badala ya muungano mzima. Katika Seneti walipungukiwa: maseneta wawili waliochaguliwa kwa tiketi ya PRD wakahamia kwao, na seneta mmoja wa PAN akawapigia kura usiku wa uamuzi, Septemba 2024. Hivyo ndivyo theluthi mbili ilivyotimia na Katiba ikabadilishwa ili majaji wote wa nchi wapigiwe kura.

Uchaguzi huo wa majaji ulifanyika tarehe 1 Juni 2025. Walijitokeza takriban asilimia 13 ya wapiga kura. Mitaani vilisambazwa vikaratasi vya kukunja, mfano wa vile vya wanafunzi wanaoibia mtihani, vikiwa na majina ya kuchagua, na waliopata viti vya Mahakama ya Juu walikuwa humo. Kabla ya hapo, mwishoni mwa 2024, taasisi ya kumwezesha raia kudai taarifa za serikali iliamuliwa ifutwe, pamoja na Coneval, baraza huru lililokuwa likipima umaskini, ambalo kazi yake ilipelekwa kwenye shirika la takwimu. Ni ajabu kwamba serikali inayojisifu kwa kupunguza umaskini ilimfukuza aliyeishuhudilia.

Watetezi wake wana hoja, na si ya kupuuzwa. Wanasema majaji wa zamani walikuwa mali ya wakubwa, kwamba undugu ulijaa mahakamani, na kwamba wananchi wakishasema kwa asilimia 60, nani wa kuwazuia? Kuhusu undugu na rushwa mahakamani, ni kweli. Lakini Septemba 2021 Mahakama hiyo hiyo ndiyo iliyotamka kwamba kumfunga mwanamke kwa kutoa mimba ni kinyume cha Katiba, jambo ambalo rais wa kushoto alikwepa kulitamka kwa kuhofia washirika wake wa kanisani. Na kuhusu wingi wa kura, Salinas naye alidai wingi. Kinachomlinda mnyonge siku wingi ukimgeuka ni mtu wa tatu ambaye mwenye wingi hawezi kumfuta kazi. Kizazi cha 1988 kililijua hilo kwa mwili wake. Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu.

Agosti 2025 Rais Sheinbaum aliunda kamati ya kurekebisha sheria za uchaguzi na kumweka Pablo Gómez kuwa mwenyekiti. Gómez alifungwa jela kwa ajili ya harakati za wanafunzi za 1968. Viti vya uwiano wa kura, ambavyo mwaka 2025 wakubwa wa chama chake walitaka vipunguzwe, vilianzishwa kwa mageuzi ya 1977, na ndivyo vilivyowaingiza wakomunisti bungeni miaka miwili baadaye. Ngazi waliyopandia walitaka kuivuta juu.

Upinzani usidhani tumeusahau. PRI, PAN na mabaki ya PRD walipewa miaka sita ya kujibu swali moja: mtampa nini kibarua ambacho Morena haimpi? Hawakuwa na jibu. Walilia juu ya taasisi ambazo wao wenyewe walizitumia kama shamba la bibi, wakizigawana viti. Mwananchi aliyekuwa akipata peso 88 hakuona sababu ya kumlilia mwamuzi ambaye hakuwahi kupuliza filimbi kwa ajili yake. Waliozichoma kura za 1988 hawana kifua cha kufundisha demokrasia, na hadi watakapokiri hilo hadharani watabaki walipo.

Hukumu yetu, basi, ni hii. Kwa mishahara na pensheni, mrengo wa kushoto wa Mexico umetimiza deni lake na unastahili kura ulizopata. Kwa kukumbatia wahamaji wa vyama, umejidhalilisha, lakini hilo ni la wapiga kura kuamua. Kwa kulikabidhi jeshi nchi na kuwaondoa waamuzi, una hatia, na hatia hiyo ni kubwa kuliko ya wengine kwa sababu wenyewe ulijua.

Rais Sheinbaum ana hadi 2030. Awatoze kodi matajiri, jambo ambalo mtangulizi wake aliliogopa. Awafungulie wazazi wa Ayotzinapa nyaraka za jeshi. Na aiache tume ya uchaguzi mikononi mwa watu ambao hawamdai fadhila wala hawamwogopi.

PRI ilikaa madarakani miaka 71. Ilitoka mwaka 2000, katika uchaguzi wa kwanza wa rais uliosimamiwa na tume ambayo waziri wa serikali hakuwa mwenyekiti wake.